Bomba la maji halikunjwi kwa moto

NYUMBA NA WATU
Na Zuhura Mbaga

Ukuta wa nyuma ya bafu letu ulianza kulowa taratibu. Kwanza rangi ilituna, kisha lipu ikapukutika, na dira ya maji ikawa inazunguka hata usiku, koki zote zimefungwa na watu wamelala. Tulipovunja marumaru tulikuta bomba jeupe la PVC, la nusu inchi, limekunjwa kama kiwiko cha mkono. Upande wa ndani wa mkunjo lilikuwa limejikunyata. Upande wa nje lilikuwa jembamba, lina doa la kahawia la moto, na katikati ya doa palikuwa na ufa usiozidi urefu wa ukucha.

Fundi aliyelikunja hakuwa mvivu. Ilikuwa Jumamosi jioni, elbo zimeisha, duka limefungwa, na mimi ndiye niliyemhimiza amalize siku ile ile kwa kuwa fundi wa lipu alikuwa anaingia Jumatatu. Akajaza mchanga mkavu ndani ya bomba, akalizungusha juu ya moto wa vipande vya mbao, akalipindia kwenye goti lake. Nilisimama pale nikamsifu. Kwa hiyo ninapoandika haya simnyooshei mtu kidole. Lawama ya kwanza ni ya mwenye nyumba anayemkimbiza fundi.

Nadhani mazoea haya yameazimwa kwa mafundi umeme. Wao hukunja mabomba ya nyaya kwa springi, wala hakuna ubaya, maana waya umelala tu humo ndani. Maji hayalali. Tangi lililoinuliwa mita 10 juu ya koki linasukuma kwa takriban bar 1 mchana na usiku, maji ya mtandao wa mji huweza kuja na nguvu zaidi ya hiyo, na kila koki inapofungwa ghafla bomba linapigwa kishindo. Ukisoma PN 10 ubavuni mwa bomba, maana yake ni kwamba linahimili bar 10 za maji ya baridi, likiwa na unene ule ule liliotoka nao kiwandani. Moto ukishalipitia, maandishi yanabaki lakini unene haupo tena.

PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 za Selsiasi hivi. Moto wa kuni unapita hapo mbali sana, tena haulipashi bomba sawasawa: upande mmoja unaungua huku wa pili ungali mgumu. Moshi wake hubeba gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu, na vijana wetu wanauvuta wakiwa wameinamia bomba bila hata kitambaa puani.

Sisemi bomba lisipinde kabisa. Lile jeusi la roli, lenye mstari wa buluu, linalotoka kwenye dira kuja nyumbani, limetengenezwa ili lipinde, ila kwa baridi na kwa duara pana. Kipimo salama ni kwamba kutoka katikati ya duara hadi kwenye bomba pawe na mara 20 hadi 25 ya kipenyo cha bomba lenyewe. La milimita 32 linataka sentimita 64 hadi 80. Hapo ndipo mitaro yetu inapokosea. Mchimbaji anakata kona kali kama ya msingi, fundi anafika na kulilazimisha bomba lifuate kona hiyo, linabonyea, na maji yanapungua maisha yote ya nyumba. Mwambieni mchimbaji aizungushe kona. Ni jembe la nusu saa tu, na kiungo kimoja kinapungua chini ya ardhi.

Ukutani hakuna nafasi ya duara kama hilo, basi weka elbo. Ukitumia mabomba ya plastiki ya PPR, mashine ya kuchomelea ifike nyuzi 260, bomba la milimita 20 lipashwe sekunde 5 na la milimita 25 sekunde 7, kisha bomba na elbo viunganishwe moja kwa moja bila kuzungusha. Fundi akizidisha muda, plastiki iliyoyeyuka hujaa ndani na kubana njia ya maji. Hilo nalo halionekani kwa nje.

Lakini kwa maoni yangu kosa kubwa hutangulia moto. Hatupangi njia. Bomba linapandishwa, linakutana na dirisha ambalo hakuna aliyelikumbuka, linakwepa boksi la swichi, na kila kukwepa kunadai kona ambayo haikununuliwa. Njia ichorwe kwa chaki ukutani kabla grenda haijawashwa: wima na mlalo tu, kamwe isikate mshazari, ili atakayekuja kutoboa tundu la kioo miaka 5 baadaye aweze kukisia bomba lilipo. Zihesabiwe kona, zinunuliwe zote, na mbili za akiba. Kazi ikiisha, mabomba yajazwe maji na kupimwa kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya msukumo wa kawaida, mshale uangaliwe kama unashuka. Wengi wetu tunaruka kipimo hiki ili lipu iwahi. Fundi anayekidai hakucheleweshi. Mlipe kwa muda huo.

Sisi tulibomoa ukuta mzima wa bafu, kwa kuwa marumaru za rangi ile hazikuwepo tena dukani. Kama wako bado haujapigwa lipu, nenda leo na simu na futi. Nyoosha futi kando ya kila bomba, piga picha, na ukiona doa la kahawia kwenye kona, likatwe kabla ya Jumatatu.