Tahadhari ya Kimbunga Iseme Lugha ya Mvuvi

Kituo kilichoko kisiwani Réunion, kinachoendeshwa na idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, ndicho kilichokabidhiwa jukumu la kufuatilia vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Wataalamu wake hulitazama wingu kwa setilaiti tangu linapoanza kujisokota. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa, dhoruba hupewa jina. Ukifika 118, huhesabiwa kuwa kimbunga kamili. Taarifa hizo hutolewa kwa Kifaransa na Kiingereza.

Hapo ndipo mimi, ambaye kazi yangu ni isimu wala si elimu ya anga, ninapopata la kusema.

Maneno tunayo: dhoruba, tufani, kimbunga, kisulisuli, chamchela. Ila hatujaafikiana lipi ni la kiwango gani. Upepo unaoezua paa la shule kwa dakika chache tunauita kimbunga. Kimbunga pia ndiyo Idai, iliyoipiga Beira, nchini Msumbiji, usiku wa Machi 14, 2019 na kusababisha vifo vya watu zaidi ya 1,000 katika nchi tatu.

Wapo watakaodai kwamba ikweta hutukinga. Ni kweli kwamba vimbunga haviumbiki kwenye mstari huo. Hata hivyo, Unguja ilipigwa mwaka wa 1872, Lindi mwaka wa 1952, na Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia, tahadhari zikatolewa hadi pwani ya Kenya.

Watanzania walitangaziwa kwa Kiswahili. Huku kwetu, taarifa aghalabu huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha mtangazaji wa redio akaachiwa kuifasiri papo kwa papo. Akisema "mawimbi makubwa", mvuvi atauvuta mtumbwi wake juu kidogo, alale. Kumbe huenda kinachokuja ni bahari yenyewe kupanda, ikisukumwa na upepo hadi mlangoni pake! Angeambiwa kwamba maji yatapita kiasi cha bamvua, na kwamba siku hiyo bamvua lipo, asingehitaji mfasiri.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na iwaite wanaisimu, ndugu zetu wa BAKITA huko Tanzania na, zaidi ya wote, manahodha wa Lamu na Vanga, ili istilahi hizi zipangwe kwa viwango. Zichapishwe na kufikishwa redioni kabla ya Novemba, msimu unapoanza.