Wageni wa Kariakoo na kivuli cha Samora

Mama mmoja wa Iringo, Musoma, alikwenda Dar es Salaam na wanawe wawili wakati wa likizo, wakafikia kwa dada yake mwenye vyumba viwili Kariakoo. Siku ya kwanza ilikuwa vicheko tu. Siku ya tatu jirani wa chini alipanda ngazi kulalamika kwamba juu ya kichwa chake kunachezwa mpira. Dada mtu hakusema neno, ila sufuria zilianza kuwekwa kwa kishindo. Mzazi aliyewahi kulala ugenini na watoto anaijua lugha hiyo.

Na watoto wenyewe hawakuwa watundu. Kwao wamezoea kukimbia hadi ziwani. Hapa nje ya mlango ni mikokoteni na bodaboda. Ukiwafungia ndani wataruka juu ya makochi. Ukiwachapa watalia, na nyumba itazidi kuwa ndogo.

Binti wa mwenyeji ndiye aliyewaokoa. "Mama mdogo, wapeleke Bustani ya Mimea, pale Samora."

"Bustani si za maharusi kupiga picha?"

Walikwenda hivyo hivyo. Daladala hadi Posta, kisha kwa miguu, kila mtoto kashikwa mkono, maana magari ya Samora hayana huruma. Bustani ipo jirani na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, wakijaribu mimea na mazao kutoka nchi nyingine, na mpaka leo kuna mijakaranda na miti ya jamii ya minazi ambayo mtoto wa Musoma hajawahi kuiona. Honi zinasikika kwa mbali tu.

Mdogo alilala kwenye kanga chini ya mti. Mkubwa alihesabu aina za majani, akapotea hesabu, akaanza upya. Mama yao alikaa saa nzima bila kumkemea mtu, jambo lililomshangaza mwenyewe.

Kwa mzazi atakayefuata: nenda asubuhi kabla ya joto, beba maji na chapati kwenye kikapu, na taka rudi nazo.

Jioni ile watoto walisinzia kabla ugali haujaiva. Dada mtu, aliyepita mbele ya bustani ile miaka yote bila kuingia, akauliza kesho wanaondoka saa ngapi, ili naye afunge genge mapema.