Choroko ijaribiwe kwanza Oicha, ndipo igawiwe



Siku hizi kila tukikutana, neno choroko halikosi. Wengine wanaitaka upesi, wamesikia inakomaa haraka. Wengine wanauliza: tuache maharagi yetu, tuingie katika kitu tusichokijua? Sisi tunaona pande zote mbili zina haki. Maoni yetu ni haya: choroko ije, lakini ijaribiwe kwanza katika udongo wetu na mvua yetu, kwa mikono yetu, kabla ya kugawiwa kwa watu wote.

Huku kwetu siku ni mali. Mwenye kakao au mpunga mbali na barabara anajua kwamba kuna majuma ambayo hawezi kufika shambani kwa sababu ya usalama. Wengi wamebaki na kipande kidogo karibu na nyumba, tena cha kukodi. Kwa mtu wa namna hiyo, zao la muda mfupi ni chakula cha uhakika kidogo. Choroko za zamani zilichukua siku 90 mpaka 110. Watafiti wa World Vegetable Center, kituo chenye makao yake Taiwan na ofisi Arusha, walichagua na kuchanganya mbegu kwa miaka mingi mpaka wakapata zinazokomaa kwa siku 55 hadi 65, maganda mengi yakiiva kwa pamoja. Kazi hiyo tunaiheshimu.

Lakini tuulize: inafaulu wapi? Kenya, ambako wanaiita ndengu, inalimwa sana Kitui na Makueni. Tanzania inalimwa Shinyanga. Kote huko ni nchi kavu. Sisi tuko ukingoni mwa msitu. Ganda la choroko likikauka, halafu likanyeshewa siku kadhaa, mbegu inaota humo humo ndani ya ganda au inashika kuvu. Mtu akipanda Septemba pamoja na maharagi, atavuna Novemba, katikati ya mvua. Hapo atasema mbegu ni mbaya, kumbe tarehe ndiyo mbaya.

Kwetu mvua hupungua Januari na Februari, tena Juni na Julai. Basi tuhesabu kwa kurudi nyuma. Anayetaka kuvuna Januari apande mwanzo wa Novemba. Anayetaka kuvuna mwisho wa Juni apande mwisho wa Aprili. Hesabu hiyo ni ya kwenye karatasi. Shamba ndilo litakalotuambia kama ni kweli, na ndiyo sababu tunadai majaribio.

Jambo la pili ni kidudu kinachotoboa mbegu. Kinataga mayai juu ya maganda kungali shambani, kisha kinaingia nyumbani ndani ya mavuno. Watafiti walipata choroko ya porini kutoka Madagaska, waliyoipa jina TC1966, ambayo kidudu hicho hakiiwezi, na wameitumia kutafuta mbegu mpya zenye nguvu hiyo. Habari njema, lakini mbegu nyingi zinazouzwa hazina kinga hiyo. Kwa hiyo anayeleta mbegu atuambie wazi: hii ina kinga au haina? Kama haina, tukaushe vizuri, tujaze bidoni mpaka juu, tufunge kabisa hewa isiingie. Kidudu kikikosa hewa kinakufa.

Jambo la tatu ni udongo. Choroko, sawa na maharagi, ina vifundo kwenye mizizi vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kulisha mmea. Ikitoa maua, ng'oa mche mmoja, pasua kifundo. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inafanyika. Kukiwa kweupe, bado. Jaribio hili halihitaji laboratwari, kisu tu.

Basi tunaomba nini? Kwa shirika linalotusaidia: msilete magunia, leteni mbegu kidogo za aina tatu au nne, na zifike kabla ya mvua, siyo baada ya watu kupanda. Zipandwe misimu miwili katika vipande vidogo, kando ya maharagi yetu ili tulinganishe. Waagronomu wa INERA na wa Université Catholique du Graben ya Butembo waalikwe kuja kupima pamoja nasi, na SENASEM ikague mbegu. Na mama zetu waulizwe: inaiva kwa kuni kiasi gani, watoto wanaipenda? Zao lisilopikwa halina maana.

Kwa sisi wanamemba: kila atakayepewa kipande aandike kwenye daftari siku ya kupanda, siku ya maua, siku ya kuvuna, na kilo alizopata. Mbegu ikishindwa, aandike vilevile. Aliyeshindwa na akaandika amewaokoa wenzake.

Na mbegu ikifaulu, ibaki mikononi mwetu. Choroko hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mkulima akichagua maganda mazuri na kuyatunza, atapanda ileile msimu unaofuata bila kungoja gari la msaada. Barabara yetu inafungwa mara nyingi. Mbegu iliyo ndani ya bidoni nyumbani haingoji barabara ifunguliwe.