Kijana wa Kileleshwa, usingizi pia ni mazoezi

Ukipita Arboretum saa kumi na mbili asubuhi, utawapata vijana wa Kileleshwa tayari wanakimbia. Viatu vya bei, saa ya kuhesabu hatua, kila kitu kiko. Lakini hebu jiulize, jana ulilala saa ngapi?

Mechi za Klabu Bingwa Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa zetu. Zikiisha, bado kuna simu. Ukija kuzima taa ni saa saba, na alamu inalia saa kumi na moja. Hayo ni masaa manne tu, halafu unashangaa mbona goti haliponi.

Sasa linganisha na kambi ya Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge amenolewa na kocha Patrick Sang. Pale wanariadha hulala mapema, hurauka kukimbia, na mchana hulala tena. Hakuna anayewaita wavivu. Mwaka wa 2019 jijini Vienna, Kipchoge alimaliza umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40.

Kuna sababu. Ukiwa kwenye usingizi mzito, mwili hutoa homoni ya ukuaji inayosaidia kukarabati misuli. Mwaka wa 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwataka wachezaji 11 wa mpira wa vikapu wakae kitandani saa 10 kila usiku. Baada ya wiki chache, ulengaji wao wa mitupo huru uliimarika kwa asilimia 9, kasi ikaongezeka na hata hisia zao zikawa nzuri. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2014, ulionyesha kuwa wanamichezo wa shule waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano mara 1.7 zaidi wa kuumia.

Lakini tusikulaumu wewe pekee. Kaptagat kuna msitu, Kileleshwa kuna klabu na mijengo. Novemba 2022, kaunti chini ya Gavana Johnson Sakaja ilipiga marufuku klabu za usiku katika mitaa ya makazi, wakazi walipolalamikia kelele. Kwa hivyo muziki wa jirani ukikukesha, ripoti kwa kaunti au NEMA. Si umbea, unatetea afya yako.

Na ile simu? Hiyo ni juu yako. Leo iache sebuleni.