ACHENI KUKWANGUA MITUTU YA MAGOBORE MAJUMBANI!



Mahindi yanakaribia kukomaa na nguruwe wameshaanza kuingia mashambani. Kila msimu kama huu magobore yanateremshwa darini, na usiku tunasikia nondo zikikwaruza ndani ya mitutu. Sisi wa ushirika tunasema: basi, imetosha!

Wako wenzetu wanaojiita mafundi. Wanasokomeza msasa na mchanga ndani ya mtutu ulioliwa na kutu, wanasugua mpaka ung'ae. Wengine wanautia motoni, eti kutu ipukutike. Halafu wanajigamba: "Umekuwa mpya!" Mpya wapi? Kutu ni chuma kilichokwisha kuliwa. Ukikikwangua hakirudi, unazidi kupunguza kile kilichobaki. Mtutu unang'aa kweli, lakini umekuwa mwembamba na vishimo vimo humo humo. Siku ukishindilia baruti unapasuka mbele ya uso wako. Nguruwe anakwenda zake, mwenye shamba anabebwa kwa machela.

Tunaambiwa, "Mbona babu alifanya hivyo hivyo?" Sawa. Lakini gobore la babu halikuwa na umri huu. Wewe umerithi gobore pamoja na kutu ya miaka yote.

Tena tuambiane ukweli: kutu hii tunaipanda wenyewe. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki masizi na moshi mzito. Masizi hayo yana chumvi inayovuta unyevu. Sisi tunapiga leo, tunalitupa gobore darini, tunalikumbuka mwakani. Kwani chuma kitaacha kuoza?

Basi tushike haya:

1. Kwanza hakikisha halina kitu. Tumbukiza mdeki mpaka ugote, tia alama mdomoni, kisha ulaze mdeki juu ya mtutu kwa nje. Ncha isipofika kwenye tundu la moto, ndani mna kitu. Usilisogeze kwenye moto, wala usichokonoe, ita polisi.

2. Ukishapiga, osha kwa maji ya moto siku ile ile. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Kausha vizuri kwa tambara, ndipo upake mafuta.

3. Kutu nyepesi ilainishe kwa mafuta ya taa, mbali na moto, kisha sugua polepole kwa brashi na tambara. Msasa hapana!

4. Mulika tochi. Ukiona vishimo ndani, au ufa, au uvimbe nje, hilo si gobore tena. Ni chuma chakavu, na hakuna fundi wa nyumbani wa kulifufua.

Na lile lisilo na leseni halina mjadala. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inadai leseni. Lipelekwe kituo cha polisi.

Mtasema, "Na nguruwe je?" Tunajibu: zamu! Kaya moja yenye gobore bovu haiwezi kulinda bonde zima. Kaya kumi zenye tochi, madebe na mbwa zinaweza. Tunataka mkutano ujao upange zamu hizo, na atakayetega aulizwe mbele ya wote.

Gunia la mahindi linalimwa tena mwakani. Jicho halilimwi.

Sisi, Kamati ya Ushirika