Mbinu iliyokula karo



Alhamisi baada ya maombi ya jioni kijana wetu mmoja alibaki nyuma kanisani. Ameniruhusu niandike haya bila kumtaja jina. Mama yake aliuza mahindi Chwele, akamtumia pesa kwa simu amwekee mpaka Januari. Ilikuwa karo ya dada yake. Usiku mmoja, akiwa kitandani, zikaisha. Shilingi 12,700.

Nilidhani ni mpira wa Uingereza. Akasema hapana, ni kriketi. Nimeishi Kabuchai miaka mingi, sijaona mtoto hapa ameshika gongo la kriketi! Lakini simu inaleta Abu Dhabi mpaka chumbani.

Hii ni kriketi ya ova kumi. Kila timu inatupiwa mipira 60 tu, na mchezo wote ni kama dakika 90. Kila ova ni mipira sita, na kabla haijaanza unaulizwa: mikimbio itazidi hapa au itakuwa chini? Dakika chache jibu limetoka, na beti nyingine inakungoja. Hupati hata nafasi ya kujuta.

Kijana akaniambia, "Pasta, sikuwa nabahatisha. Nilikuwa na mbinu."

Mbinu yenyewe alifundishwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Weka 100. Ukipoteza weka 200, halafu 400, halafu 800. Siku ukishinda mara moja, zote zinarudi. Alipoteza ova saba mfululizo. Ya saba peke yake ilikuwa 6,400.

Tuliketi na kalamu tukapiga hesabu. Kampuni ilikuwa inalipa 1.85. Hata kama ile ova ya saba angeshinda, angepewa 11,840. Na alikuwa ameshatoa 12,700! Alinyamaza muda mrefu. Hakuna aliyemwonyesha hiyo hesabu kule kikundini.

Mpendwa, fikiria watu wawili, kila mmoja ameweka 100, huyu juu na yule chini. Kampuni imepokea 200, itamlipa mshindi 185. Ile 15 imebaki kwao, na hawakuhitaji kujua lolote kuhusu kriketi. Sasa rudia hivyo kila ova, usiku kucha. Mchezo mfupi haukupi nafasi zaidi ya kushinda. Unawapa wao nafasi zaidi ya kukukata ile 15.

Tena mpira unaouona kwa simu umeshatupwa kitambo. Aliye uwanjani ameuona kabla yako. Na wapo wanaotaka kuupanga kabisa. Septemba 2023 baraza la kriketi duniani, ICC, lilitangaza mashtaka ya ufisadi dhidi ya watu 8 kuhusu ligi hiyo ya Abu Dhabi ya mwaka 2021. Walikuwemo wachezaji, makocha, hata wamiliki wenza wa timu. Wewe uliye Kabuchai na bando ya shilingi 20, mbinu yako itawashinda hao?

Lakini neno lililonichoma ni lingine. Nilimuuliza kwa nini hakuacha baada ya ova ya tatu. Akajibu, "Pasta, nilidhani ndiyo imani. Kuongeza wakati unaona giza."

Wapendwa, hilo alilitoa wapi? Alilitoa madhabahuni. Sisi watumishi tumesimama tukasema panda elfu usiku huu, kesho ni mara mia. Asiyeona matokeo tukamwambia aongeze mbegu. Nami nimehubiri hivyo. Tumewafundisha watoto wetu kubeti, kisha tukawakemea walipohamia kwenye simu.

Natubu mbele zenu. Sadaka ni ibada na shukrani, siyo dau. Imani ni kumtegemea Mungu aliyesema, siyo kuongeza pesa mahali ambapo hakusema kitu. Na fungu la kumi la beti usiniletee. Wewe mwenyewe njoo, pesa hiyo iache.

Soma Mithali 13:11 na watu wa nyumbani mwako. Mali ya haraka na mali ya kukusanywa kidogo kidogo, Biblia imeshasema ipi inabaki.

Jumamosi wazee wawili walimsindikiza kijana kwa mama yake akaungama mwenyewe. Amefuta akaunti, na simu ya pesa anaishika mama. Anabeba mchanga, analipa kidogo kidogo. Karo haijatimia. Sitawadanganya kwamba kuna muujiza ulitokea usiku ule. Lakini usiku analala.

Kama uko kwenye shimo hili, usiandike hapa kwenye komenti. Niandikie inbox, au Alhamisi baki nyuma. Sitakupigia kelele. Nitakuja na kalamu.