Mtoto Asiogope Kusema



Wapendwa waamini, juma hili napenda tutafakari jambo linalowagusa wazazi, walezi na wasimamizi wa ubatizo: usalama wa watoto wetu katika intaneti. Wengi huamini kwamba dawa ni moja tu, yaani kumnyang'anya mtoto simu na, akikutwa na kosa, kumchapa. Kwa maoni yangu, dawa hiyo ikitumika peke yake humsaidia mwovu kuliko inavyomsaidia mtoto.

Tazameni jinsi mwovu anavyotenda. Hujifanya rika la mtoto katika mchezo wa simu au katika kundi la mazungumzo. Humsifu, humsikiliza shida zake, humtumia vocha. Kisha humwomba picha ya faragha. Akishaipata, hugeuka: mtoto asipotuma nyingine, au fedha, picha ile itapelekwa kwa wazazi wake. Hapo ndipo tuione silaha yake. Silaha hiyo ni hofu aliyo nayo mtoto kwa baba na mama yake. Nyumba ambamo kila kosa hujibiwa kwa fimbo imekwisha kumnolea adui kisu.

Bwana wetu aliwakumbatia watoto pale wanafunzi walipotaka kuwazuia. Aliponena juu ya jiwe la kusagia, alimlenga yule anayewakosesha wadogo, wala si mdogo aliyekoseshwa. Nasi tusiigeuze hukumu hiyo.

Kwa hiyo, mwambieni mtoto mapema, kabla ya balaa: "Likikupata lolote, njoo uniambie, hata kama umekosea. Sitakupiga." Naye akija, timizeni ahadi. Msimlipe anayetisha. Msifute ujumbe wake, maana ni ushahidi. Wala msimtumie ndugu au jirani picha hiyo, hata kwa nia ya kuomba ushauri, kwani hapa Tanzania kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Nendeni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au pigeni namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure.

Sisemi kwamba mipaka haina nafasi. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alitengeneza tovuti kuhusu miujiza ya Ekaristi. Hata hivyo alijiwekea kiasi katika michezo ya kompyuta. Usiku simu na ilale sebuleni, si chini ya mto wa mtoto. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kutetea fimbo. Lakini samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, taratibu.

Jioni ya leo, baada ya Rozari, muulizeni kila mtoto: "Mtu akikutisha kwenye simu, utamwambia nani?" Asipowataja ninyi, msimkemee. Anzeni hapo.

Mungu awabariki na kuzilinda familia zenu.

Paroko wenu